Umeme wa Kubebwa: Kutoka Mawe ya Redio hata Betri ya Baisikeli katika Usukuma ya Mashariki

Mwamapalala ni kata ya wilaya ya Itilima katika mkoa wa Simiyu, nchi ya pamba, mtama na ng'ombe, upande wa mashariki wa Usukuma. Mkoa wenyewe ni mchanga: uliundwa mwaka 2012, hasa kwa kumegwa kutoka Shinyanga, na wilaya ya Itilima ikakatwa kutoka Bariadi mwaka uo huo. Jina la Itilima, hata hivyo, ni la kale, maana lilikuwa jina la utemi mmojawapo wa Wasukuma uliohesabiwa katika wilaya ya Maswa enzi za Waingereza. Nchi hiyo ni pana na vijiji vyake vimetawanyika. Kwa muda mrefu mtu aliyetaka kuuza, kununua, kusikia habari au kupeleka mgonjwa hakuuliza bei kwanza. Aliuliza umbali, kisha akaupima mzigo.

Katika habari za nchi ya namna hiyo umeme haukuanza na nguzo. Wakala wa Nishati Vijijini uliundwa kwa sheria ya mwaka 2005 na ukaanza kazi mwaka 2007. Lakini kabla ya nguzo ya kwanza kusimikwa katika vijiji vingi vya Tanzania, umeme ulikuwa umekwisha kuingia humo kwa miaka arobaini na zaidi, ukichukuliwa mfukoni, kapuni na juu ya kerieri ya baisikeli. Wataalamu wa historia wameandika mengi juu ya mabwawa na mitambo, na machache sana juu ya betri. Kwa sababu hiyo kijana anayeonekana leo akiunganisha seli za lithiamu ili apate betri ya kuendeshea baisikeli hudhaniwa kuwa ameuokota ufundi wake hewani, na kwamba hana babu katika kazi hiyo. Anao babu, tena wengi.

Wa kwanza ni baisikeli yenyewe, na pamba ndiyo iliyoileta kwa wingi. Katika miaka ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa walijenga vyama vyao vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, ambayo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake mashuhuri, na ambayo ilihesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika katika Afrika. Fedha ya pamba ilinunua ng'ombe kwanza, kwa kuwa ng'ombe ndiye akiba ya Msukuma. Baada ya ng'ombe ikanunua mabati na baisikeli. Ikaja Raleigh ya Nottingham, na baadaye Phoenix ya Shanghai, chuma kizito kisichoogopa mchanga wala gunia. Juu ya gurudumu la baadhi ya baisikeli hizo palikuwa na dainamo ndogo ya volti 6 na wati 3, iliyosuguliwa na tairi na kuwasha taa ya mbele. Hicho kilikuwa chombo cha ajabu kwa mwenye kufikiri: mguu wa mwanadamu uligeuzwa kuwa mwanga. Swali la kwamba mwanga nao ungeweza kugeuzwa kuwa mguu halikuwa mbali na hapo, ingawa jibu lake lilichelewa.

Babu wa pili ni redio. Kituo cha utangazaji cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1951. Mwaka 1956 likawapo Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikawapo Radio Tanzania Dar es Salaam. Sauti hiyo isingefika mbugani pasipo betri. Katika Rhodesia ya Kaskazini, nchi jirani, jambo hilo lilikuwa limetambuliwa mapema: mwaka 1949 iliingizwa huko redio ya bei nafuu iliyotengenezwa na Ever Ready kwa ajili ya wasikilizaji wa Kiafrika, yenye umbo la sufuria, ikiendeshwa kwa betri kavu peke yake. Transista ilipokuja, redio ikapungua ukubwa na ulafi. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Kijapani ya Matsushita ilianzisha Dar es Salaam kiwanda cha betri kavu, zile zilizojulikana kwa jina la National, na mwaka 1967 kiwanda cha Eveready kilianza Nakuru, kikadumu hadi mwaka 2014.

Watu hawakungoja kamusi iwape jina. Vitu hivyo vizito, vya mviringo, wengi waliviita mawe, na wengine waliviita makaa. Kwa hiyo mtu alikwenda dukani kununua mawe ya redio bila kumchekesha mwenye duka. Umeme uliokaa ndani uliitwa moto, na jiwe lililochoka likasemwa limekwisha moto. Lugha hapa ilifanya kazi ya mwalimu wa fizikia, kwani jiwe la umeme ni makaa yasiyotoa moshi: linaungua polepole ndani ya ganda lake, likaisha.

Jiwe moja lilitoa volti 1.5. Redio ya mawe manne ilidai volti 6, ya mawe sita ilidai 9. Mawe yalipodhoofika, mwenye redio hakuyatupa. Aliyaanika juani, kwa kuwa joto huchangamsha kwa muda dawa iliyo ndani. Yalipozidi kudhoofika alichukua mengine yaliyochoka kama hayo, akayapanga kichwa kwa mkia ndani ya bomba la karatasi ngumu au la mwanzi, akafunga nyaya pande mbili, na redio ikasema tena jioni mbili tatu. Mwenye kufanya hivyo alikuwa ameunga betri kwa mfuatano ili kuongeza volti, pasipo kusikia neno hilo. Mwingine aliyeweka safu mbili kando kwa kando ili zidumu zaidi alikuwa ameunga kwa usambamba. Kanuni mbili hizo ndizo msingi mzima wa betri ya baisikeli ya leo. Lililobadilika ni dawa iliyo ndani ya jiwe, na hatari yake.

Habari za betri ya gari zaweza kupitwa upesi. Ilikuwa ya risasi na tindikali, ufundi uliovumbuliwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Iliendesha televisheni za vibanda vya video na vipaza sauti vya ngoma, na ilipokwisha moto ilifungwa kwenye kerieri na kupelekwa mjini penye jenereta. Jambo lake kubwa lilikuwa uzito. Volti 36 za risasi zenye uwezo wa kumsukuma mpanda baisikeli zina kilo 12 hivi. Ndiyo sababu ndoto ya baisikeli ya umeme, ambayo Ogden Bolton wa Marekani aliipatia hati ya uvumbuzi mwaka 1895, ilikaa karibu miaka mia bila kupata watu wengi wa kuipanda.

Mzigo ulipunguzwa na simu. Baada ya mwaka 2000 minara ya simu ilienea nchini Tanzania, na kila simu ilibeba ndani yake kipande cha elimu mpya. Mwingereza Stanley Whittingham alikuwa ameonyesha katika miaka ya 1970 kwamba lithiamu, madini mepesi kupita yote, yaweza kuingia na kutoka katika tabaka za kitu kingine bila kukibomoa. Mwaka 1980 John Goodenough na wenziwe huko Oxford wakapata oksidi ya kobalti iliyotoa volti nyingi zaidi. Mwaka 1985 Akira Yoshino wa Japani akaunda seli isiyohitaji lithiamu tupu, ambayo ni kali mno. Na mwaka 1991 kampuni ya Sony ikaiuza. Watu hao watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Goodenough alikuwa na umri wa miaka 97 siku hiyo, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 100.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya pekee ya kutoiona habari hiyo kuwa ya mbali. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa Kolwezi na pande zake, katika Kongo ya kusini, ambako wachimbaji husemezana kwa Kiswahili. Lithiamu nyingi imelala chini ya Manono, mji wa zamani wa bati katika mkoa wa Tanganyika wa Kongo. Nikeli ipo Kabanga, wilayani Ngara. Grafiti ipo Mahenge. Madini hutoka katika nchi zinazosema lugha moja, yakavuka bahari, yakarudi yakiwa ndani ya simu na kompyuta, na hatimaye yakaangukia katika kibanda cha fundi simu yakiwa takataka. Ni katika takataka hiyo ambamo ufundi unaozungumzwa hapa umezaliwa.

Kabla ya kuueleza, yafaa kutaja watu wawili waliotangulia katika njia hiyo hiyo ya baisikeli na umeme. Huko Kasungu, Malawi, baada ya njaa ya miaka ya 2001 na 2002, kijana William Kamkwamba alijenga kinu cha upepo kwa vipande vya baisikeli na dainamo yake. Arusha, Bernard Kiwia, aliyekuwa fundi baisikeli, alitengeneza chombo cha kuchajia simu kwa kukanyaga pedali, na baadaye akawa miongoni mwa waanzilishi wa karakana ya wavumbuzi iitwayo Twende. Hao wote walitoa umeme katika gurudumu. Kizazi kilichofuata kiligeuza swali, kikataka kuurudisha umeme gurudumuni.

Katika miji mikubwa jambo hilo lilishikwa na kampuni. Kigali, Ampersand ilianza biashara ya pikipiki za umeme mwaka 2019. Nairobi, Opibus, iliyoanzishwa mwaka 2017, ilibadili jina mwaka 2022 ikaitwa Roam. Kampala, Bodawerk iliunda betri za lithiamu kwa pikipiki na kwa kazi nyinginezo. Jinja, shirika la FABIO lilishughulikia baisikeli ya umeme ya AfricroozE, yenye fremu ya kubeba mizigo na wagonjwa. Kijijini hakuna kampuni. Kuna fundi, meza, mita ya kupimia umeme, na kifurushi cha betri chakavu.

Fundi wa Mwamapalala akitaka kuunda betri ya baisikeli ataanza na betri zilizokufa za kompyuta mpakato. Ndani yake aghalabu mna seli 6 za mviringo, kila moja yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, na uzito usiofika gramu 50. Kufa kwa betri si kufa kwa seli zote: mara nyingi jozi moja imeoza, nyingine zikali hai. Hivyo kazi ya kwanza ni ya kadhi, si ya mhunzi. Kila seli hupimwa. Ile iliyoshuka chini ya volti 2 hutengwa, kwa maana shaba imeweza kuyeyuka ndani yake na kuiweka tayari kujiunguza siku itakapochajiwa. Zilizosalia huchajiwa hata volti 4.2, zikawekwa kando wiki moja au mbili, kisha zikapimwa tena. Iliyopoteza moto wake ikiwa imekaa bure haifai, hata kama inang'aa. Baada ya hapo huchoshwa kwa mzigo unaojulikana ili uonekane uwezo wake wa kweli. Fundi asiye na subira huikata hatua hii, na habari nyingi za betri zilizowaka zinaanzia katika wiki hiyo aliyoikata.

Madukani kuna kishawishi kingine. Huuzwa seli mpya za ukubwa huo huo zilizoandikwa 9,900 kwa kipimo cha miliampea-saa, zenye rangi nzuri. Seli halisi ya ukubwa huo haifiki hata nusu ya namba hiyo. Kuukuu ya kompyuta iliyopimwa ikatoa 2,000 ni ya kuaminika kuliko mpya iliyojisifu.

Tuseme zimepatikana seli 40 zinazolingana. Hufungwa nne nne kwa usambamba, yakapatikana mafungu 10, na mafungu hayo yakaungwa kwa mfuatano. Kila fungu lina volti 3.6, yote kumi yana 36. Kila seli ikitoa ampea-saa 2, fungu linatoa 8. Jumla ni wati-saa 288, katika uzito wa seli usiofika kilo 2. Bomba la mwanzi la babu limerudi, isipokuwa kwamba sasa lina safu nne. Mafungu yasiposawazishwa vema, lile dhaifu hujaa kwanza na kuisha kwanza, nalo ndilo linaloangamia. Kwa hiyo seli hugawanywa kwa hesabu, zenye nguvu zikichanganywa na dhaifu hata mafungu yote yafanane uwezo.

Kuziunga ni kazi ya mikanda myembamba ya nikeli inayochomelewa kwa nukta, kwa mshindo wa umeme wa sehemu ndogo ya sekunde. Kulehemu kwa bunduki ya risasi hupeleka joto ndani ya seli na kuidhuru. Fundi wengi hutengeneza mashine ya nukta wenyewe kutokana na transfoma ya jiko la mawimbi, wakiondoa nyaya zake nyembamba na kuweka nene. Na transfoma hiyo, ikiguswa upande wake wenye volti nyingi, huua. Juu ya seli huwekwa bodi ya ulinzi, ambayo mafundi huiita kwa herufi zake tatu, BMS. Kazi yake ni kuzuia fungu lolote lisipite volti 4.2 wala lisishuke mno, na kukata umeme mkubwa. Wako wanaoiacha ili kuokoa shilingi. Kuunda betri ya lithiamu bila bodi hiyo ni kujenga nyumba bila mlango na kutumaini kwamba fisi hatapita.

Nguvu ya betri ina kiasi chake. Mota ya wati 250 itavuta ampea 7 hivi, na kila seli katika nne itatoa chini ya 2, ambayo seli ya kompyuta yaweza kuistahimili. Mwenye haraka akifunga mota ya wati 1,000, kila seli itadaiwa ampea 7, na hiyo ni kama kumtwisha ndama nira ya maksai. Kwa mwendo wa taratibu katika barabara ngumu betri hiyo yaweza kumpeleka mtu kilomita 25. Akiwa na gunia, au abiria, juu ya mchanga wa kiangazi, nusu yake hivi. Msomaji wa mjini ataona ni kidogo. Mwenye kubeba mzigo kwenda gulioni na kurudi, ambaye misuli yake hutoa kwa saa nzima wati 100 hivi, hataona hivyo.

Lugha ya mababu ilisema jiwe lina moto, na lithiamu imelichukua neno hilo kwa maana yake halisi. Seli iliyotoboka, au iliyochajiwa kupita kiasi, hujipasha joto lenyewe likaongeza joto. Maji yake ya ndani ni ya aina inayowaka, na seli moja huambukiza jirani yake. Kuifunika kwa mchanga huzuia cheche, lakini hakuipozi. Kinachoipoza ni maji mengi. Moshi wake ni sumu. Nyumba ya nyasi ambamo betri imeachwa ikichajiwa usiku, kando ya kitanda cha watoto, ni jambo la kuogofya kuliko baisikeli yoyote isiyo na umeme. Kuna dawa nyingine ya lithiamu, ya fosfeti ya chuma, iliyotokana na kazi ya maabara ya Goodenough huko Texas katika miaka ya 1990. Haina kobalti, hutoa volti 3.2 tu kwa seli, na ni tulivu zaidi inapopata joto. Kwa nchi ya jua kali ndiyo ya kuchaguliwa, iwapo inapatikana. Kwa bahati mbaya kompyuta za zamani hazikuitumia.

Hapa pana shauri ambalo halijakatwa, na linahusu mamlaka kuliko kemia. Jiwe la National lilikuwa mali ya aliyelinunua: aliweza kulianika, kulipanga, kulikopesha. Betri ya gari kadhalika. Mambo yalibadilika ilipokuja biashara ya umeme wa jua kwa malipo ya kidogo kidogo. Off Grid Electric, iliyoanza Arusha mwaka 2012 na kuuza huduma yake kwa jina la M-Power, ilifunga nyumbani kwa mteja taa na betri ya lithiamu, na malipo yakaenda kwa simu. Aliyechelewa kulipa, chombo kilizima chenyewe. Vituo vya kubadilishia betri za pikipiki vimefuata njia hiyo: mpanda pikipiki ana pikipiki, lakini betri ni ya kampuni, imefungwa, na fundi haruhusiwi kuifungua. Kampuni zina hoja nzuri. Betri iliyopimwa kiwandani haiunguzi nyumba, na bei yake haimwangukii maskini kwa siku moja. Lakini kituo cha kubadilishia hujengwa penye wateja wengi, na mbuga ya Itilima haitakuwa ya kwanza katika orodha yoyote ya namna hiyo. Ikiwa betri iliyofungwa haifiki, na betri iliyofunguliwa inahukumiwa kuwa haramu, mkulima atakuwa ameambiwa kwa adabu kwamba aendelee kukanyaga. Lililo la haki zaidi ni kumfundisha fundi: kumpa kipimo, jina la kila hatua kwa lugha yake, na mahali pa kuleta betri yake ikaguliwe, kama vile vyama vya ushirika vilivyokuwa na mizani yake penye pamba.

Kufundisha huko kutakutana na desturi moja ya zamani. Jiwe la redio lilipokufa kabisa halikuwa bure. Watoto walilivunja, wakatoa ule mti mweusi wa kaboni wakaandikia chini, na unga wake mweusi ulisagwa, ukachanganywa na maji, ukapakwa ubao wa shule. Vizazi kadhaa vya wasomi wa Tanzania vilijifunza kusoma juu ya mbao zilizopakwa mawe ya redio. Seli ya lithiamu haivunjwi. Iliyokataliwa na fundi hufungwa ncha zake kwa utepe, ikawekwa katika kopo la bati lenye mchanga mkavu, mbali na nyumba, hata apatikane wa kuichukua. Na watoto, ambao mikono yao inalijua jiwe jeusi kuwa kitu cha kuvunjwa, huambiwa mapema kwamba hili si lile.